Urani ya Bahi na Brashi ya Dalí

Ukigusia sanaa ya zama za nyuklia mbele ya wachoraji wetu, jibu liko tayari: hayo ni ya Wamarekani na Wajapani. Mchoraji Mhispania Salvador Dalí alichora atomu kwa sababu aliishi nchi iliyotengeneza bomu; sisi tuna tembo na Mlima Kilimanjaro, na watalii wananunua. Hoja hiyo ni nyepesi.

Bomu lilipoangushwa Hiroshima, Agosti 6, 1945, Dalí alikuwa Marekani, mhamiaji aliyekimbia vita vya Ulaya. Maabara hakuingia, majivu hakuyaona. Alikuwa na magazeti, vitabu vya fizikia na woga wake. (Uchu wa fedha alikuwa nao pia, tena mwingi, ila haukumzuia kusoma.) Katika kusoma huko aliokota jambo moja: vitu tunavyoviona vigumu vimejengwa kwa chembe zisizogusana. Tazama Leda Atomica ya mwaka 1949. Mkewe, Gala, amekaa juu ya kiti asichokigusa. Batamaji yuko ubavuni pake, naye hamgusi. Hata bahari haijatua juu ya mchanga. Mwaka 1952 uso wa Gala huyohuyo ukageuka kundi la matufe yanayoelea. Fizikia ya kufikia hapo haimshindi kijana wa Dodoma aliyemaliza kidato cha sita.

Na nani kasema hatukuwemo? Sehemu kubwa ya urani ya Mradi wa Manhattan, uliotengeneza bomu hilo, ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ikichimbwa na Waafrika, katika jimbo ambalo Kiswahili ndiyo lugha ya migodi. Huko atomu ilipita mikononi mwa watu kabla ya kufika kwenye turubai ya Dalí.

Bahi, mkoani Dodoma, nako urani ipo, katika matabaka ya chokaa yaliyo karibu na uso wa ardhi, kwenye bonde hilohilo la majaruba ya mpunga na bwawa la Sulunga. Watafiti walipokuja kuchoronga, wanakijiji waliuliza habari za maji na afya. Wapo waliowaona wajinga. Mimi naona waliuliza maswali ya kisayansi kabisa: vumbi litapeperukia wapi, mvua itasomba nini, ng'ombe atakunywa wapi?

Wapinzani wangu wako sahihi kwa hili tu: mtindo wa Dalí haufai kuhamishiwa Bahi ulivyo. Urani iliyolala ardhini hailipuki, na hofu ya mkulima wa mpunga haina wingu la uyoga. Dalí alitenganisha vitu. Bahi vinaingiliana: maji ya mto Bubu yanaingia jarubani, tope linapanda miguuni, mpunga unaingia sufuriani, samaki wa Sulunga anafika sokoni. Anayeiga matufe yanayoelea atakuwa ameiga Kihispania tu. Lakini atakayefanya kama Dalí, asome kwanza namna mionzi inavyosafiri ndipo ashike brashi, atajikuta anachora mpunga na maji visivyo na mpaka kati yao, na hiyo itakuwa picha ya nyuklia ambayo Dalí asingeweza kuichora.