GUNIA NA LISEME KWELI

Wafugaji wa kuku wa Mbweni, wengi wao wafanyakazi wa mishahara midogo, hununua chakula cha kuku kwa kuamini maandishi ya gunia: protini asilimia kadha wa kadha. Twasema maandishi hayo hayatoshi. Kipimo cha Kjeldahl, kilichobuniwa mwaka 1883, hupima nitrojeni tu na kuizidisha kwa 6.25, hakitofautishi dagaa na mbolea ya yurea. Huko China mwaka 2008, melamini iliyotiwa katika maziwa ilikidanganya kipimo cha namna hiyo, na watoto wakafa.

Kuku hujengwa kwa asidi amino. Mahindi yana upungufu wa laisini, na mashudu ya alizeti hayazibi pengo hilo, dagaa huliziba. Kifaranga akiikosa laisini, hudumaa. Ukweli huo hudhihirika maabarani tu, sampuli ikichemshwa katika asidi kwa saa 24 na kila asidi amino kupimwa peke yake.

Sheria ya vyakula vya mifugo ya mwaka 2010 ipo. Wakala wa Maabara ya Veterinari upo Temeke. Basi kila gunia litaje laisini yake, nao wafugaji waungane katika ushirika, wapeleke sampuli kwa gharama ya pamoja. Jasho la mfanyakazi lisinunue pumba kwa bei ya dagaa.