Keki ya Krismasi Isiyoleta Machozi

Mwezi wa Desemba umeingia, mishumaa ya Majilio inawashwa makanisani, na watoto nyumbani wamekwisha kuanza kuuliza, "Mama, mwaka huu tutapika nini?" Ni swali zuri. Mtoto husahau upesi nguo aliyonunuliwa, lakini harufu ya mdalasini na iliki kutoka jikoni kwa mama yake huikumbuka hata akiwa mtu mzima.

Mwezi huu tuzungumze juu ya keki ya Krismasi tunayoioka na kuipamba wenyewe. Wengi wetu hatuna tanuri la umeme wala la gesi, tunaoka kwa mkaa, na keki hutoka nzuri kabisa. Lakini mimi ni muuguzi, na ninajua kwamba mkesha wa Krismasi ni siku ya hatari jikoni. Nimewapokea wodini watoto waliotoka kwenye mapishi ya sikukuu wakiwa wameungua mikono, kifua au uso. Kila mama alisema neno lile lile: "Niligeuka kidogo tu." Kwa hiyo leo nitatoa mapishi na tahadhari pamoja. Keki haiwi tamu ikiwa mmoja wa nyumbani hayupo mezani kwa sababu yuko hospitali.

Vipimo

Unga wa ngano gramu 250 (kama vikombe 2), sukari gramu 180 (kikombe 1 kasoro kidogo), siagi gramu 200, mayai 4, beking pauda vijiko 2 vya chai, zabibu kavu gramu 100, mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, iliki punje 6 zilizotwangwa, kungumanga kidogo, ganda la chungwa 1 lililokwaruzwa, na maziwa vijiko 3 au 4 vikubwa.

Jinsi ya kutengeneza

Pepeta unga pamoja na beking pauda na viungo. Katika bakuli jingine saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka viwe vyeupe na laini. Kazi hii huchukua dakika 10 hadi 15, usiifanyie haraka. Tia yai moja moja huku ukikoroga. Tia unga kidogo kidogo, kisha ganda la chungwa na zabibu ulizozivingirisha kwenye unga ili zisizame chini. Ukiona mchanganyiko ni mzito mno, ongeza maziwa. Paka chombo cha kuokea siagi, nyunyiza unga, mimina.

Kama unaoka kwa mkaa, chukua sufuria kubwa na nene, weka mchanga mkavu uliochekechwa, kimo cha vidole viwili. Ifunike na uipashe moto dakika 15. Weka chombo cha keki juu ya mchanga, funika kwa mfuniko ulio bapa, kisha panga makaa juu ya mfuniko. Siri iko hapa: makaa ya juu yawe mengi, ya chini yawe machache, la sivyo keki itaungua chini na kubaki mbichi juu. Usifunue kabla ya nusu saa kupita. Baada ya dakika 50 hivi choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Mwenye tanuri aweke nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, kwa muda kama huo huo.

Moto na mahali pake

Desemba ni mwezi wa mvua katika sehemu nyingi za nchi yetu, na mvua ikinyesha mama hushawishika kuliingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Usifanye hivyo hata kidogo. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo huwezi kuitambua. Mtu huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na wengine hawaamki tena. Kinachodanganya ni kwamba makaa yaliyokwisha kushika, yasiyotoa moshi, ndiyo watu huyaona salama, kumbe gesi bado inatoka. Okea barazani au chini ya paa lililo wazi pande zote. Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, nawe usikawie humo ndani, kisha mpeleke hospitali.

Mfuniko wenye makaa ni hatari nyingine. Kabla ya kuufunua, hakikisha watoto wote wako mbali, shika kwa koleo au kitambaa kinene kikavu, na ujue tangu mwanzo utauweka wapi. Khanga iliyofungwa vibaya hushika moto upesi, basi ikaze vizuri au vaa aproni.

Ikitokea mtu ameungua, mwagie pale pale maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Kama huna bomba, mimina kwa jagi kutoka kwenye ndoo. Vua bangili au pete kabla mahali hapo hapajavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, yai, unga, asali, mafuta wala majivu. Nawasihi sana juu ya jambo hili, kwa sababu hospitali hutulazimu kuyasafisha yote hayo, na mtoto huumia mara ya pili. Funika kwa kitambaa safi, mwende kituo cha afya, hasa akiwa ni mtoto, au akiwa ameungua uso, mikono au sehemu za siri.

Kazi ya watoto

Nisieleweke kwamba nawafukuza watoto. La! Keki ya Krismasi ni ya kupikwa nao. Wa miaka 3 hadi 5 wachambue zabibu na kupaka chombo siagi. Wa miaka 6 hadi 9 wapepete unga na kuhesabu vijiko. Wakubwa wapime, wavunje mayai na kukoroga, wavulana na wasichana sawasawa, maana kijana anayejua jiko hatakuwa mzigo kwa mkewe kesho. Moto ubaki kwa mtu mzima.

Najua pia watoto wanavyopenda kulamba bakuli. Mayai mabichi na hata unga mbichi huweza kubeba vijidudu vya kuharisha na kutapika. Waambie wangoje keki iive, na kila aliyeshika mayai anawe mikono kwa sabuni.

Kupamba

Acha keki ipoe kabisa, angalau saa 2, ndipo uipambe. Wengi tulifundishwa kutengeneza aisingi kwa ute wa yai mbichi. Kwa nyumba yenye mama mjamzito, mtoto mdogo au mzee, njia hiyo si salama. Tumia sukari ya unga gramu 200 na maji ya limau vijiko 2 vikubwa, ukiyatia kidogo kidogo mpaka upate uji mzito unaong'aa. Tone la maji ya bitiruti litakupa rangi ya waridi, na chembe ya manjano itakupa rangi ya dhahabu. Kunja karatasi safi iwe kama koni, kata ncha, uandike utakacho.

Iko njia rahisi zaidi. Kata nyota katikati ya karatasi, ilaze karatasi juu ya keki, chekecha sukari ya unga, kisha inyanyue taratibu. Nyota ya Bethlehemu itabaki hapo, nyeupe. Katika mji wa Dresden, Ujerumani, wana mkate wa Krismasi wenye zabibu uitwao Stollen, ambao hufunikwa kwa sukari ya unga. Husemwa kwamba umbo lake na weupe wake humkumbusha mtu Mtoto Yesu alivyovingirishwa nguo. Na jina Bethlehemu kwa Kiebrania lina maana ya nyumba ya mkate. Waeleze watoto mambo haya mnapopamba, nao hawatayasahau.

Usipambe kwa shanga wala vipande vidogo vya plastiki, maana mtoto huweza kupaliwa. Hali kadhalika, njugu na karanga nzima zisipewe walio chini ya miaka 5.

Wageni wa meza yetu

Bibi au babu mwenye kisukari asifichwe keki kama mtoto aliyekosa. Acha upande mmoja bila aisingi, umkatie kipande chembamba baada ya chakula, anywe maji badala ya soda, na aendelee na dawa zake kama alivyoelekezwa. Usimdanganye kwamba ukiweka asali badala ya sukari ameokoka, kwani asali nayo hupandisha sukari mwilini. Mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa.

Mwisho, mama mwenzangu, keki moja yatosha. Januari inakuja na ada, sare na madaftari, na Yesu hakuzaliwa ili tuingie madeni. Ioke tarehe 23, uihifadhi katika chombo chenye mfuniko, itakaa siku 3 au 4 bila kuharibika. Tarehe 24 utakuwa na nafasi ya kupumzika, badala ya kukimbizana na moto usiku huku watoto wanasinzia miguuni pako. Na siku yenyewe mkate vipande vidogo, kimoja kivuke ua kwenda kwa jirani aliyefiwa au asiye na cha kupika.

Bwana ailinde jikoni yako, awafikishe wote wa nyumba yako mezani wakiwa wazima. Nawatakia Krismasi njema. Tuonane mwakani, Mungu akipenda.