Meza ya Nyumbani: Divai nzuri ya bei ndogo, na feza ya minerval ibaki

Juma hili tunajibu ombi ambalo mmetuletea mara nyingi, hasa sasa majira ya ndoa na komunyo yanapokaribia: ombi juu ya divai. Tunajua kwamba kati yenu wako ambao hawanywi pombe hata tone, kwa sababu ya imani au ya afya. Hatutaki kuwabadilisha. Lakini hata mama asiyekunywa anaombwa kuchanga feza kwa ajili ya chupa za mahari, za batizo na za ndoa. Na mtu anayetoa feza ana haki ya kujua inanunua nini.

Shida yenyewe mnaijua. Familia ya msichana inaandika karatasi: mbuzi, vitenge, chumvi, mafuta, na chini yake neno moja la Kifaransa: Champagne. Familia ya kijana inahangaika, inakopa, na wakati mwingine mama anaomba apewe likelemba kabla ya zamu yake. Siku ya sherehe vizibo vinaruka, watu wanapiga vigelegele, na kwa nusu saa chupa zote zimekwisha. Kisha masomo yanafunguliwa, na mtoto wa sekondari anarudishwa nyumbani kwa sababu ya minerval. Sisi tunaofundisha ndio tunaomwona akitoka darasani na mfuko wake mgongoni.

Hatusemi watu wasifanye sherehe. Tunasema hivi: mara nyingi feza hiyo inalipia jina lililo kwenye chupa kuliko divai iliyo ndani. Ulaya ina divai nyingi nzuri ambazo majina yao hayajajulikana sana, na kwa hiyo bei yao ni ndogo. Tuziangalie moja moja.

Divai ya povu

Kwa sheria, Champagne ni divai ya povu inayotoka katika jimbo moja tu la Ufaransa, jimbo la Champagne, upande wa mashariki wa Paris. Inatengenezwa hivi: divai iliyokwisha kuiva inatiwa ndani ya chupa pamoja na sukari kidogo na chachu, kisha chupa inafungwa. Chachu inakula sukari, hewa inazaliwa, na kwa kuwa haina mlango wa kutokea, inabaki ndani ya divai. Ndiyo povu mnaloliona. Chupa inapaswa kulala miezi 15 kabla ya kuuzwa. Kazi hiyo ni ya kweli, na Champagne nzuri ni nzuri kweli. Lakini hekta moja ya shamba la mizabibu huko inauzwa karibu euro milioni moja, na nyumba kubwa zinatumia feza nyingi kwa kutangaza jina lao. Yote hayo yanaingia katika bei ya chupa.

Sasa sikilizeni. Ufaransa hiyo hiyo ina divai ya povu inayoitwa Crémant. Inatoka sehemu nyingine, kama Alsace, Loire, Bourgogne na Limoux, na inatengenezwa kwa njia ile ile, povu likizaliwa ndani ya chupa. Inapumzika juu ya chachu yake miezi 9 au zaidi. Hispania nao wana Cava, ambayo nyingi yake inatoka Catalonia, karibu na mji wa Barcelona. Nayo pia inatengenezwa kwa njia hiyo, na inapumzika miezi 9 au zaidi. Kule Ulaya, Champagne ya kawaida mara nyingi inapita euro 25, lakini Cava au Crémant nzuri inapatikana kwa euro 7 hadi 12. Ikifika kwetu, usafiri na ushuru vinapandisha bei ya zote, lakini nafasi kati yao inabaki kubwa.

Iko pia Prosecco ya Italia. Hiyo povu lake linazaliwa ndani ya tangi kubwa, si ndani ya kila chupa, ndiyo sababu haigharimu sana. Ina harufu ya matunda na inanyweka kwa urahisi. Kwa kupongeza tu, inatosha kabisa.

Divai nyeupe kwa samaki

Kwa mama anayepika sambaza, tilapia au makayabu, tunataja mbili. Ya kwanza ni Muscadet, inayolimwa karibu na mji wa Nantes, mahali mto Loire unapokaribia bahari. Zabibu yake inaitwa Melon de Bourgogne. Baridi kali ya mwaka 1709 iliua mizabibu mingi ya eneo hilo, na wakulima wakapanda kwa wingi zabibu hiyo iliyovumilia baridi. Muscadet ni nyepesi, kavu, na ina uchachu kidogo kama ndimu juu ya samaki. Mkiona kwenye chupa maneno "sur lie", maana yake divai ililala juu ya machicha ya chachu wakati wa baridi, na hiyo inaipa utamu zaidi mdomoni. Zamani ilitengenezwa nyingi bila uangalifu, jina likashuka. Wakulima wengi wamekwisha kuinua kazi yao, lakini bei haijawafuata.

Ya pili ni Vinho Verde ya Ureno. Neno hilo maana yake ni divai ya kijani, lakini rangi yake si ya kijani: wanataka kusema divai changa, ya kunywa mapema. Inatoka kaskazini, penye mvua nyingi, katika eneo lililowekewa mipaka mwaka 1908. Mara nyingi ina povu dogo, na pombe yake si kali. Wareno wenyewe wanapenda sana samaki wa chumvi kama sisi tunavyopenda makayabu, na divai hii inakata chumvi vizuri.

Divai nyekundu kwa nyama

Kwa mbuzi wa kuchoma au nyama ya ng'ombe na sombe, watu wanakimbilia Bordeaux. Iko Bordeaux nzuri, hata ya bei ya kadiri. Lakini jueni kwamba maneno "Grand vin de Bordeaux" yaliyoandikwa kwa herufi za dhahabu si cheti cha ubora kinachotolewa na serikali. Mwenye divai anaweza kuyaandika, na divai ikawa ya kawaida tu.

Shukeni kusini, katika Languedoc, karibu na bahari ya Mediterania. Huko mtapata Corbières na Minervois. Ni divai zenye nguvu, za jua kali, na hazigharimu sana. Sababu ni historia: kwa miaka mingi Languedoc ilitoa divai nyingi ya bei ya chini kwa wafanyakazi wa viwanda. Mwaka 1907 wakulima wake waliandamana kwa maelfu juu ya bei iliyoanguka na juu ya divai ya uongo, iliyotengenezwa kwa maji na sukari. Serikali ya Ufaransa ikatoa sheria dhidi ya udanganyifu huo mwaka ule ule. Leo wakulima wengi wa huko wanafanya kazi nzuri, lakini jina la zamani bado linashikilia bei chini. Na jina Minervois litawachekesha kidogo: linatoka kwa kijiji cha Minerve, lakini masikio yetu yanasikia minerval. Mama akumbuke hivyo anapohesabu feza.

Ureno pia ina divai nyekundu za Douro, Dão na Alentejo. Mabonde ya Douro yaliwekewa mipaka ya divai tangu mwaka 1756. Zabibu zao, kama Touriga Nacional, hazijulikani sana ulimwenguni, kwa hiyo watu hawazigombanii. Na kama mnataka nyekundu nyepesi, ya kunywa ikiwa imepozwa kidogo kwenye frigo, ombeni Beaujolais, inayotoka kwa zabibu ya Gamay. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne aliikataza zabibu hiyo, akiiita mbaya. Wakulima wa Beaujolais waliendelea nayo, na mpaka leo inanywewa.

Kwa wanaopenda tamu

Wamama wengi wanapenda divai tamu, na si haya. Kosa linaingia pale mtu anaponunua chupa ya bei, anaonja, anakunja uso, kisha anaongeza sukre ndani. Soma etiketi kwanza. Kwenye divai ya povu, "brut" maana yake ni kavu: sukari haifiki gramu 12 kwa lita. "Demi-sec" ina gramu 32 hadi 50, hiyo ndiyo tamu. "Extra dry" inadanganya macho: jina linaonyesha kavu kabisa, lakini ina sukari kuliko "brut". Kwenye divai isiyo na povu, tafuteni "moelleux" au "doux".

Sauternes ni divai tamu yenye jina kubwa na bei kubwa. Lakini mashariki yake, karibu na mji wa Bergerac, kuna Monbazillac, inayotengenezwa vile vile: ukungu fulani unashika zabibu zikiwa bado kwenye mti, unazikausha, na utamu unabaki. Bei yake ni ndogo zaidi. Moscato d'Asti ya Italia nayo ni tamu, ina povu dogo, na pombe yake ni karibu asilimia 5 tu, kama bia.

Namna ya kununua

Kabla ya kutoa feza, angalieni mambo haya:

1. Etiketi iseme divai inatoka wapi na nani aliyeitia ndani ya chupa. "Mis en bouteille au château" au "au domaine" maana yake ni kwamba mwenye shamba mwenyewe ndiye aliyeijaza.
2. Chupa iliyosimama juani mbele ya alimentasiyo, achieni mwenye duka. Joto linapika divai na kuiharibu.
3. Kizibo kikiwa kimesukumwa juu, au divai ikiwa imevuja, msinunue. Etiketi yenye makosa ya maandishi au iliyobandikwa upande, msinunue.
4. Kwa sherehe kubwa, nunueni chupa moja kwanza, onjeni pamoja, kisha agizeni nyingine.
5. Hesabuni glasi. Chupa moja ya sentilita 75 inatoa glasi 6 za kawaida, au 8 ndogo za kupongeza. Wageni 40 wa kupongeza wanahitaji chupa 5, si katoni tatu.

Divai iliyofunguliwa ifungwe na kuwekwa kwenye frigo. Nyeupe na nyekundu zinavumilia siku 3 hivi. Ya povu inywewe kesho yake.

Neno la afya hatuwezi kuliacha. Mama mwenye mimba asinywe divai hata kidogo, kwa maana hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto tumboni. Mama anayenyonyesha aulize kwanza muuguzi. Watoto wapewe sukre au maji ya matunda, hata siku ya komunyo yao. Na tusisahau kwamba chupa moja ya divai ina pombe kuliko chupa mbili kubwa za bia, hata kama glasi inaonekana ndogo na ya heshima.

Tunamaliza na ombi kwa familia zenye wasichana wa kuolewa. Karatasi ya mahari inaandikwa na sisi wenyewe, shangazi na mama wakubwa, mezani kwetu. Tunaweza kuandika "divai ya povu" pahali pa "Champagne", na kuiachia familia ya kijana nafasi ya kuchagua. Msichana hatapungukiwa na heshima, na nyumba changa haitaanza na deni. Wakwe watakaotuuliza sababu, tuwaambie wazi: tunataka wajukuu wetu wasome.

Katika mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kilete bei za divai zilizopo katika alimentasiyo za mtaa wake, zimeandikwa kwenye karatasi. Tutazilinganisha pamoja, na orodha itatoka katika ukurasa huu kabla ya ndoa za kwanza kuanza.