Fundi wa Mbali Naye Apige Hodi

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mfumo wa malipo wa hospitali ukigoma huko Jumatatu asubuhi, kumsubiri fundi apande basi ni kuwatesa wagonjwa. Programu zinazomwezesha fundi kuiona na kuiendesha kompyuta akiwa mbali zinaokoa siku nzima za kazi, nami naziunga mkono. Kinachonisumbua ni jinsi tunavyoziweka kwa pupa bila kuamua nani ashike ufunguo.

Kuna njia mbili za kuingia. Katika ya kwanza, mtumiaji humsomea fundi namba ya kikao, hubonyeza kukubali, kisha huona kila kinachofanyika. Katika ya pili, fundi ana nenosiri la kudumu na huingia saa yoyote, hata ofisi ikiwa imefungwa. Kwa seva, njia ya pili inafaa, maana hakuna mtu wa kumfungulia. Kwa kompyuta ya karani wa mapokezi, yenye majina na majibu ya vipimo vya wagonjwa, fundi apige hodi na asubiri kukaribishwa. Nenosiri moja likitumika kwenye mashine zote, fundi akiacha kazi huondoka nalo.

Hatari hii si ya kufikirika. Mei 2019, Microsoft ilitoa kiraka kuziba udhaifu katika huduma yake ya kuingia kompyuta kwa mbali, na ikalazimika kukitoa hata kwa Windows XP, iliyokuwa imekwisha kuachwa. Februari 2024, AnyDesk ya Ujerumani ilitangaza kwamba mifumo yake imevamiwa, ikafuta manenosiri ya wateja kwenye tovuti yake. Aliyetumia nenosiri hilohilo kwingine alishauriwa kulibadili.

Wapo wanaosema dawa ni kuwa na seva yetu wenyewe, kwa kutumia programu huria kama RustDesk. Hoja hiyo ina uzito, ila seva isiyo na mtu wa kuitunza ni hatari kuliko huduma ya kulipia inayosimamiwa vizuri. Halmashauri moja haiwezi kubeba mzigo huo peke yake. Wizara inaweza kuubeba kwa niaba ya zote.

Sheria tunazo. Kenya ilipitisha ya kulinda data mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kilichobaki ni utaratibu wa ofisini: kila fundi awe na akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili, kila kikao kiandikwe, na anayeondoka afungiwe siku hiyohiyo.

Juu ya yote, karani ndiye ampigie fundi, kwa namba ya ofisi anayoijua. Matapeli hupiga simu wakijifanya mafundi, wakaomba namba ya kikao. Mfanyakazi aliyezoeshwa kumsomea namba hiyo kila anayepiga tumekwisha kumwandaa kutapeliwa. Apewe mamlaka ya kukataa, na akikataa, hata kama aliyepiga alikuwa fundi wa kweli, asilaumiwe.