Tuwafunze Kulisoma Kosa

Juzi hapa Lanet nilimkuta mwanafunzi aliyekuwa ameifuta Java na kuiweka upya mara tatu katika tarakilishi ya Windows, ilhali kazi yake ilikuwa ingali imekwama. Alikuwa ameanza kusema kuwa somo hili si la watu kama yeye. Kumbe mashine ilikuwa imemweleza waziwazi kwamba amri ya javac haitambuliwi, naye hakuusoma ujumbe huo.

Maana yake si kwamba programu imeharibika. Windows huitafuta amri katika folda zilizoorodheshwa kwenye orodha iitwayo PATH. Folda yake isipokuwamo, haionekani ijapokuwa imo mashinene. Dawa ni kuiongeza folda hiyo, kisha kufungua dirisha jipya la amri, kwa kuwa la zamani halitambui mabadiliko. Vivyo hivyo, kazi iliyozikwa ndani ya folda nyingi huweza kuupita mpaka wa kawaida wa herufi 260 za anwani ya faili. Ihamishiwe karibu na mwanzo wa diski.

Makosa yakimiminika mia, aghalabu mengi huzaliwa na lile la kwanza. Tuanzie hapo.

Walimu wenzangu, tusiituze programu iliyokubali pekee. Tumpe alama pia anayeandika kosa lilisema nini, alibadili nini na matokeo yakawaje. Dalili ya mvua ni mawingu. Tusiwalaumu wanaonyeshewa ikiwa hatukuwafunza kutazama juu.