Gofu lina wenyewe

Tangu niache chuo, Jumapili zangu ni za magofu. Hilton ilipofungwa mwisho wa 2022, ule mnara wake wa duara tuliupiga picha tukiwa barabarani tu. Pale kuna soja. Sisi huingia kwa majengo hayana soja.

Juzi, Ngara, ghorofa ya pili: godoro, sufuria ina ugali, daftari la mtoto la hesabu. Beshte yangu akapiga. Mwanga ulikuwa mtamu, siwezi danganya. Nikamwambia afute, akaniuliza kama nimekuwa pasta.

Wasee, mkipata sufuria, zimeni kamera. Ukiweka hiyo picha mtandaoni na jina la mtaa, kesho kanjo wako hapo, na huyo mtoto analala wapi?

Picha bado iko kwa simu yake.