Msimulizi na Kitisho: Siri ya Kudumu kwa Filamu za Mkusanyo wa Visa

Imekuwa ni kawaida kwa wahakiki kuzibeza filamu za kutisha, hasa zile zinazokusanya visa vinne au vitano katika filamu moja. Hoja yao kuu ni kwamba filamu za namna hii hazina umoja wa muundo; ni viraka vilivyoshonwa pamoja. Hoja hiyo, hata hivyo, haielezi kwa nini Dead of Night, iliyotolewa na studio za Ealing huko Uingereza mwaka 1945, ingali inatazamwa na kujadiliwa hadi leo. Makala haya yanadai kwamba nguvu yake imo katika kile kinachodharauliwa, yaani hadithi ya nje inayovibeba visa vya ndani.

Katika filamu hiyo, msanifu majengo aitwaye Craig anafika katika nyumba ya shamba na kugundua kwamba wageni wote waliomo amekwisha kuwaota. Kila mgeni anasimulia kisa chake, na daktari wa magonjwa ya akili anakitafutia kila kimoja maelezo ya kiakili. Daktari huyo anasimama badala ya mtazamaji asiyeamini. Craig anapomuua, kinga ya mtazamaji huanguka pamoja naye. Kisha Craig anazinduka kitandani, simu inalia, na safari ya kwenda shambani inaanza upya.

Ni kweli kwamba visa vyote havilingani kwa ubora. Kile cha wacheza gofu ni mzaha mtupu. Lakini mzaha huo umewekwa kabla ya kisa kizito kuliko vyote, cha msanii anayekisemesha kikaragosi hadi isijulikane nani bwana na nani mtumwa. Kicheko humlegeza msikilizaji ili kitisho kimkute hana ngao. Filamu ilipopelekwa Marekani, kisa hicho cha gofu na kingine kimoja viliondolewa. Mwisho wake, unaovikutanisha visa vyote, ukakosa mantiki. Viraka visivyo na umoja visingeacha pengo la namna hiyo.

Kampuni ya Amicus iliufuata mtindo huo. Katika Dr. Terror's House of Horrors (1965), abiria watano wa treni wanatabiriwa ajali zao kwa karata, kumbe wamekwisha kufa. Katika Tales from the Crypt (1972), mlinzi wa kaburi anamaliza kwa kumgeukia mtazamaji mwenyewe, kana kwamba zamu sasa ni yake.

Msomaji wa Alfu Lela Ulela anaifahamu mbinu hii. Tofauti ni kwamba Shahrazadi husimulia ili kukiahirisha kifo, ilhali wasimulizi wa filamu hizi husimulia na kukikuta kifo kimewatangulia. Hadithi ya nje, ambayo kwa desturi humhakikishia msikilizaji kwamba yu salama, inageuzwa kuwa mtego.

Kwa hiyo, mtaalamu wa fasihi anayeziacha filamu hizi kwa kisingizio cha uduni wake anaiacha pia nafasi ya kuchunguza uhusiano wa msimulizi na hadhira yake. Mizimwi ya karatasi na rangi huchakaa upesi. Mkataba kati ya anayesimulia na anayesikiliza hauchakai, na kuvunjwa kwake ndiko kunakotisha.